Mama Pasi na Taa Nyekundu

Mimi ndiye niliyempa kijana wa chumba cha pili jina la Sinema, na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kumnyooshea kidole. Nalisema mapema, msije mkalisikia kwa wengine.

Nyumba tunayopanga ina vyumba sita na waya mmoja wa intaneti. Waya huo unaingilia chumba cha mbele, kwa Mama Pasi, kwa hiyo na ruta, kile kisanduku cha kugawa mtandao, iko kwake, juu ya rafu aliyoigongomea mwenyewe ili watoto wasiifikie. Chini ya rafu ndipo ilipo meza yake ya kazi. Miaka kumi na tisa anapiga pasi nguo za watu, amesomesha mabinti wawili kwa kazi hiyo, na hajawahi kuunguza hata leso. Kabla pasi haijagusa shati, huijaribu kwanza kwenye pindo la ndani. Akimaliza, hubana kwa pini kijikaratasi chenye jina la mwenye nguo. Ukimharakisha anakwambia, "Nguo ni yako, lakini ikiungua lawama ni yangu."

Kwa miezi miwili mtandao ulikuwa unakatika kila alasiri. Taa ya kijani ya ruta inageuka nyekundu, na vyumba vyote vinapiga kelele: "Mama Pasi, zima uwashe!" Anazima, anawasha, baada ya dakika kumi umekufa tena. Fundi wa kampuni alikuja asubuhi moja, akakuta kila kitu kizima, akatuangalia kama waongo, akaenda zake.

Sasa, kijana wa chumba cha pili alikuwa akifanya kazi usiku kwenye kiwanda cha mikate. Asubuhi analala. Saa nane mchana anaamka, anavaa visikilizio vya masikioni, anainamia kompyuta mpaka magharibi. "Sinema akiamka, mtandao unalala," nilisema siku moja, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Na neno lililokuchekesha hulichunguzi tena. Jumanne tukakaa uani, tukaamua paswedi ibadilishwe na yeye asipewe.

"Siangalii sinema mimi," alisema. "Najifunza kuchora ramani za majengo. Keshokutwa saa tisa nina usaili wa kazi, kwa video. Nipeni mpaka Alhamisi tu, jamani."

"Lisemwalo lipo," nikamjibu mbele za watu, nikijiona hakimu. Aliingia ndani akafunga mlango taratibu.

Kazi ya kubadilisha paswedi tulimwachia Mama Pasi. Jumatano mchana, katikati ya kazi zake, akapanda stuli asome namba zilizoandikwa chini ya ruta. Akaishika, akaiachia. Mkono wa Mama Pasi unajua moto kuliko kipimo chochote. Ruta ilikuwa inachoma, na upande wake wa chini umelowa mvuke. Hapo akakumbuka kwamba pasi mpya ya mvuke aliinunua miezi miwili iliyopita, na kwamba huiwasha mchana tu, asubuhi anafua.

Mwingine angeshuka na kunyamaza, na sijui kama mimi nisingenyamaza. Chumba chake ni kimoja, na meza haina pengine pa kukaa. Akisema pasi ndiyo mkosaji, tungeweza kumwambia aache kupiga pasi, na bila pasi mkono wake hauendi kinywani. Alinieleza baadaye kwamba alizima pasi, akakaa juu ya stuli ile mpaka ikapoa yenyewe.

Kisha akaenda kugonga chumba cha pili. "Mwanangu, zima kompyuta yako, njoo ukae hapa, ukunje mikono." Akatuita na sisi tuliokuwepo, tukajazana mlangoni. Akawasha pasi, akaanza na shuka, kisha suruali. Mvuke ukapanda. Nusu saa haijaisha, taa ikawa nyekundu.

Kijana alikuwa bado amekunja mikono.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Mama Pasi alisema, na hakuwa anacheka. "Ni mimi. Joto la pasi yangu ndilo linaloiua hiyo ruta. Mtoto wa watu tumemwonea. Haya, niambieni mnataka nifanye nini."

Aliyejibu ni yule yule tuliyemhukumu. "Mama, waya ni mrefu. Ukipita juu ya mlango unafika kwangu."

Kabla ya jioni ruta ilikuwa dirishani kwa kijana. Mama Pasi akapiga pasi saa nzima kwa majaribio, na taa ikabaki kijani.

Alhamisi kijana alichukua shati lake jeupe kwa Mama Pasi, limenyooka kama karatasi. Saa tisa ilipokaribia, chumba cha mbele kilikuwa kimya na kapu limejaa nguo. Kijana akachungulia.

"Mama, mbona hupigi?"

"Naogopa, mwanangu."

"Jana si tulijaribu? Piga pasi, mama." Akaenda zake kufunga mlango.

Basi akapiga. Mimi nilizima simu yangu, nikaona na wengine wanazima za kwao, na hakuna aliyetuambia.

Saa kumi na robo mlango ukafunguliwa. "Haukukatika hata mara moja!" alisema. "Wanataka niende Jumatatu nikawaonyeshe michoro yangu." Mama Pasi, mtu asiyejua haraka, alitupa pasi kando akamrukia kwa kigelegele.

Walipokuwa wamekumbatiana, nikaona kijikaratasi bado kimebanwa nyuma ya kola. Alikuwa amefanya usaili mzima nacho mgongoni. Nikakitoa. Kilikuwa na jina lake, kwa mwandiko wa Mama Pasi. Miaka miwili tumechangia bomba moja na choo kimoja, na sikuwahi kumuuliza anaitwa nani.

Nikalisoma, nikamwita kwa jina hilo, nikamwomba radhi.