Mshono kwenye Tairi la Nunow

"Osob, ukitaka kuniua si uniue mara moja," Nunow alisema, akaiangusha baiskeli yake mbele ya kibanda chetu. "Pancha nne. Nne, tangu kwenye kile kichuguu mpaka hapa. Unakokota miiba ya boma lako katikati ya njia kama njia ni ya baba yako."

"Ni ya ngamia wangu," mama akamjibu bila kuinua kichwa. "Na ngamia wangu hawapati pancha."

"Ngamia wako hawakuletei sukari."

"Nawe huniletei. Unaniuzia."

Hivyo ndivyo walivyosalimiana siku zote, na mtu asiyetujua angedhani watashikana. Kisha mama alimpa maziwa, akanituma mimi kuokota miiba njiani kwa mkono. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Ilikuwa kiangazi cha mwanzo wa 1966, upande wa Sangailu.

Wanaomkumbuka Nunow mjini Garissa wanamkumbuka kama mzee wa kuziba pancha kando ya soko la mifugo, mkali, asiyependa kupeana mkono. Wanasema alikuwa jasusi wa serikali wakati wa vita vya shifta, wale waasi wa huku kwetu. Walikuwa wakisema hivyo huku wamempa baiskeli zao atengeneze. Mimi nilikuwepo, na wengi wa wanaosema hawakuwepo.

Adeer Nunow, yaani ami, kama nilivyomwita, hakuzaliwa mwuza sukari. Alikuwa na ngamia kama watu wengine, ukame wa kabla ya uhuru ukawamaliza, akaenda Garissa kumbebea mwenye duka mmoja magunia. Alibeba miaka miwili, na mshahara wake ukawa baiskeli kuukuu. Watu walimcheka, mwanamume mzima amekalia chuma. Yeye akafunga sukari, majani ya chai na tumbaku kwenye keria, akashika njia ya kusini: Bura, Ijara, Sangailu. Siku tano kwenda, tano kurudi.

Barabara ya magari hakuipenda. Ilikuwa mchanga wa kuzamisha gurudumu, na vita vilipopamba moto ikawa na mabomu ya kutegwa. Alipita njia za mifugo, na sababu aliieleza hata kwa asiyeuliza. Ng'ombe ana kwato, anaukatakata udongo, ukipita hapo meno yanagongana. Ngamia ana mguu laini, anashindilia, tena wanapita mmoja nyuma ya mwingine, basi katikati unabaki ukanda mwembamba mgumu. Juu ya ukanda ule Nunow alipanda na kushuka miinuko ya udongo mwekundu, kwenye mteremko miguu hewani, akiimba kwa sauti mbaya. Tulimsikia kabla ya kumwona. Akifika kwenye mto mkavu alishuka, akavusha gunia kwanza, kisha akarudi kuibeba baiskeli begani.

Kwa hiyo penye ngamia ndipo palipokuwa na njia ya Nunow. Hilo ndilo lililotumaliza.

Siku ile ya ugomvi wa miiba, tairi la nyuma lilikuwa limekwisha kabisa, na mapya hayakupatikana. Mama aliizunguka baiskeli, akasonya, akatoa ngozi ya shingo ya ngamia, ile nene ya kutengenezea makubadhi. Akailoweka, akakata ukanda, akauvisha juu ya tairi na kuushona kwa kano. Mimi nilishika gurudumu. Ngozi ilipokauka ilibana barabara, ila pale ncha mbili zilipokutana palibaki mshono mnene wa matundu saba. Gurudumu likizunguka, mshono uligonga mchanga na kuacha alama kama tandu aliyelala.

"Nikupe nini?" Nunow akauliza.

"Kopo la sukari. Lililojaa, si la kipimo chako."

"Safari ijayo."

Safari ijayo alitukuta kijijini. Amri ya serikali ilitoka watu wote waingie vijiji vya kulindwa. Atakayeonekana nje ni shifta, na mifugo yake ni ya shifta. Mama aliingia na mbuzi na mimi. Ngamia kumi na mmoja aliwaacha nje, wamefichwa bondeni pamoja na kaka yangu Duale. Waliwahamisha alfajiri, na Duale akafagia nyayo zote kwa tawi, akafagia mpaka zake mwenyewe.

Nunow alikuwa na kibali cha kuuza chai na sukari, kwa hiyo aliweza kutoka. Mama akamtuma ampelekee Duale chumvi na unga. Alikwenda mara tatu. Sisi watu ambao mtoto wetu akitazama ardhi anakwambia ngamia gani ana mimba, hakuna hata mmoja aliyefikiri kufagia gurudumu. Nyayo kwetu zilikuwa za kitu chenye miguu.

Askari waliufuata mstari wa gurudumu lile kama wanaofuata kamba. Risasi tulizisikia kijijini. Mama alihesabu kwa vidole, na zilipopita kumi na moja akaacha. Duale aliletwa amefungwa mikono. Nyuma yake alikuja Nunow akisukuma baiskeli.

"Huyu mzee asiguswe," koplo akatutangazia, akicheka. "Ametuchorea barabara mpaka mlangoni."

"Mimi nabeba sukari bekee, afande," Nunow alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Basi endelea kubeba."

Hawakumnyang'anya kibali, wala baiskeli. Wangempiga, watu wangemsikitikia. Walipomwachia baiskeli walimmaliza.

Kuanzia siku ile hakuna aliyenunua kwake hata kijiko. Wanawake waliokunywa chai yake miaka na miaka walimgeuzia mgongo. Alikuwa na njia rahisi ya kujitetea, kueleza habari ya mshono, ni nani aliyeushona na ni nani aliyemtuma bondeni. Hakueleza. Aliikata ngozi ile kwa kisu, akaja kwetu na kopo la sukari.

"Abaayo, dada yangu, deni lako."

"Deni gani?"

"La ngozi."

"Siijui ngozi hiyo. Mimi nashona makubadhi."

Nilimtazama mama. Naye akanitazama, nikafunga mdomo. Watu walipomwuliza mama nani aliyewaonyesha askari ngamia wake, alisema, "Mwulizeni mwenye baiskeli." Duale alikuwa kizuizini, na kina mama walikuja kumfariji. Mtu anayefarijiwa hapendi kuulizwa maswali.

Nunow alirudi na kopo lile kila baada ya wiki chache. Siku moja alimwambia, "Osob, jina hili limenichosha. Pokea sukari tu, sitasema kitu."

"Ukiiacha hapo nitawamwagia siafu."

Mama alijua kwamba akipokea, watu watauliza ni ya nini.

Mwisho wa 1967 vita vilikwisha, tukaambiwa twende tutakako, kana kwamba bado tulikuwa na cha kutupeleka. Duale aliachiliwa, amekonda, hasemi. Siku mbili baadaye Nunow alipita mbele ya kisima na mzigo wake, anarudi Garissa moja kwa moja. Wanawake tulikuwa kwenye foleni ya maji. Hakusimama. Mama ndiye aliyemwita.

"Wewe Nunow. Sukari yangu iko wapi?"

Nunow akaiegemeza baiskeli, akatoa kopo, lile lile, limefungwa kwa kitambaa.

"Hii ni ya ngozi niliyoshona kwenye tairi lake," mama aliwaambia wanawake, sauti kavu. "Mshono waliofuata askari ni wa mkono huu. Na kule bondeni nilimtuma mimi."

Mwanamke mmoja alisukuma debe lake mbele, maana zamu yake ilikuwa imefika.

Mama akafungua kitambaa, akachungulia.

"Halijajaa."

"Lilijaa. Nimelizungusha miezi kumi na minane, limeshuka."

Mama akaligonga kopo kwenye ukingo wa kisima, sukari iliyoganda ikapasuka na kushuka tena kidogo.

"Imetosha," akasema, akalifunga.