Samaki Waliokataa Kuugua

Chekeni tu, mimi mwenyewe nikikumbuka hii aibu bado nafunika uso na shuka.

Ilikuwa wakati wa vita vya Shifta. Ng'ombe zetu zote zilichukuliwa kule Gotu, tukaletwa Isiolo bila hata mbuzi, na mimi nina watoto wawili wa kulisha. Alhamdulillahi, nikapata kazi kwa daktari mmoja wa mifugo, Mmeru mpole, aliyechimba mabwawa mawili karibu na mto akafuga samaki (sisi Waborana tuliona samaki ni nyoka tu, lakini mshahara ni mshahara).

Samaki walikuwa wanatoka vidonda na kufa, na daktari anatafuta chanjo. Aliua vijidudu vya ule ugonjwa akavichanganya na chakula, ili samaki wakila, mwili ujifunze kupigana.

"Mama Guyo," akaniambia, "bwawa la juu wape chenye dawa. La chini, chakula kitupu. Umesikia?"

Kusikia nilisikia. Lakini wewe mfugaji, dawa ikifika bomani, utachanja nusu ya ng'ombe na wengine uwaache wafe wakikuangalia? Kwetu mtu kama huyo hapewi mke! Basi kila asubuhi nikawa nagawa ile dawa juu na chini, tena wa chini nawaombea dua.

Baadaye daktari akatia samaki wenye vidonda mabwawa yote mawili, akaita mkubwa kutoka Nairobi aje aone. Akaja na askari, na mtaa wetu wa Kiwanjani mzima nyuma yake.

"Wa juu wamechanjwa, ni wazima," daktari akatangaza. "Sasa muone wasiochanjwa."

Wavu ukavutwa bwawa la chini: samaki wanene, wanaruka, ngozi inang'aa!

"Daktari," mkubwa akasema, "sasa chanjo yako ni ya nini?"

Wavu ukarudishwa. Wazima tena. Daktari anatoka jasho, na mimi nikaona huyu mtu ananyimwa sifa yake, nikajitosa mbele, leso kiunoni: "Mkubwa, usimlaumu! Hao pia nimewapa dawa, mimi sibagui!" Nikangoja makofi.

"Mama Guyo," jirani yangu Habiba akasema, "hata hukungoja ufukuzwe, umejifukuza!" Watu wakacheka mpaka askari mmoja akaangusha kofia. Daktari hakucheka.

Nikaenda kufunga vitu vyangu nikiwaza watoto watakula nini. Daktari akanifuata.

"Kaa, mama. Wa chini wakiugua na wa juu wakibaki wazima, ndiyo tunajua dawa inafanya kazi. Nilikuambia ufanye nini, sikukuambia kwa nini. Tunaanza upya."

Tukaanza upya na samaki wapya. Wa chini walipougua nililia kama nimepoteza ndama, lakini wa juu walibaki wazima, na mshahara ule ndio uliokuza watoto wangu. Mpaka leo namwombea huyo daktari.

Na sasa mjukuu wangu Qabale (wangu mimi, ambaye shule niliona kwa mbali!) anatengeneza chanjo za samaki. Juzi alinipeleka kwa matangi yake. "Akko," yaani nyanya, "hawa hatujawapa dawa," akasema. Wakanikodolea macho, na chakula cha dawa kiko hapo kando yangu.

Nikakalia mikono yote miwili mpaka tukatoka.