Mama Mkwe, Mtoto na Bomba la Sinki

Bomba la chini la sinki la bafuni kwetu lilipasuka wiki ileile mama mkwe alipokuja kutoka Usagara kumwona mjukuu. Ukinawa uso, maji yanakunawisha na miguu. Mimi niliona ni faida, yeye hakuona hivyo. Akamwambia mke wangu, "Unyevu huu utamuumiza mtoto kifua. Jumamosi kama bado panavuja naondoka na nyie wawili, mtarudi pakikauka."

Mimi hakuniambia. Kwetu Wasukuma mama mkwe na mkwe wa kiume wanaheshimiana mpaka wanakwepana. Hatuangaliani, hatuongei ana kwa ana. Sasa jaribu heshima hiyo kwenye vyumba viwili na korido moja. Nilikuwa najibanza nyumbani kwangu kama panya.

Ijumaa nikashuka madukani Mkuyuni, nikanunua bomba jipya la plastiki, nati yake na pete ya mpira. Mimi ni darasa la saba, mabomba hatukufundishwa, lakini hata waliosoma chuo nawaona wanaita fundi. Nikalala chini ya sinki, nikatoa bovu, nikapachika jipya, nikakaza. Kufungulia maji, yanatoka kwenye nati. Nikafanya ambacho kila mtu mtaani kwetu angefanya: nikachana tyubu ya baiskeli, nikaviringisha mpaka bomba likafanana na mguu uliovunjika. Likavuja vilevile.

Koridoni nikamsikia mama mkwe, amempakata mtoto. "Mjukuu wangu, mwambie baba yako hilo ni bomba, siyo kidonda."

Mke wangu akacheka huko jikoni. Nikajibu nikiwa chini ya sinki, "Mwanangu, mwambie bibi fundi anafikiri."

"Mwambie akimaliza kufikiri atoe hayo matambara, aangalie pete ya mpira. Upande mwembamba ndio unaingia kwenye bomba, mnene unabaki kwenye nati. Kaigeuza huyo."

Mama huyu analima nyanya za kumwagilia kwa pampu, mipira ya maji anaijua. Na mtoto ana miezi miwili, tayari ana kazi.

Nikafungua nati. Kweli nilikuwa nimeigeuza. Nikaiweka sawa, nikakaza kwa mkono, nikajaza sinki mpaka juu, nikaachia maji yote kwa mkupuo. Nikapitisha kitambaa chini ya bomba. Kikavu. Nikapitisha tena, kwa raha tu.

Jumamosi asubuhi nikajificha chumbani, sikio mlangoni. Mama mkwe akafungulia maji, akafunga, akafungulia tena. Halafu nikasikia kiganja kikipapasa sakafu chini ya sinki.

"Mjukuu wangu," akasema, kwa sauti ya kufika chumbani kabisa, "mwambie baba yako bibi anaondoka leo. Peke yake. Na kule shambani kuna nati inavuja. Akipata nafasi, aje."

Nikajibu nyuma ya mlango, "Mwanangu, mwambie bibi fundi anakuja, na tyubu anaiacha nyumbani."