Injinia na Bushi za Mama Mkwe

Cheo cha Injinia alijipa mwenyewe. Hakuna chuo kilichompa wala mteja aliyemwomba. Alikiandika kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa gereji yake siku aliyoifungua, na sisi majirani tukakubali yaishe. Mimi ni kinyozi. Kibanda changu kinapakana na gereji hiyo, na kwa miaka tisa nimesikiliza majisifu yake kuliko nilivyosikiliza redio yangu.

Ng'ambo ya barabara kuna gereji nyingine, ya bwana mmoja mpole ambaye zamani alimposa mke wa Injinia, akakosa. Injinia hakutosheka na kushinda. "Yule? Yule anajua kubadilisha balbu tu!" hupiga kelele, akihakikisha zinafika ng'ambo.

Basi gari la mama mkwe wake likaanza kugonga mbele. Kila likiingia shimoni, ko! Injinia akashinda chini yake kutwa nzima. Akabadilisha mikono ya chini ya pande zote mbili, ile inayoshikilia tairi za mbele, pamoja na bushi zake, yaani vile vipande vya mpira vinavyokaa kwenye maungio. Gari likaondoka kimya, naye akatembea mtaani kifua mbele.

Wiki tatu baadaye, ko!

Mpira ulikuwa umechanika. Akaweka mwingine, akalaumu duka kwa kuuza bushi feki. Ukachanika tena, akalaumu barabara. Mara ya tatu, Mungu amsamehe, akamlaumu mama mkwe.

"Mama, nadhani unakata kona kwa kasi sana."

"Mimi?" alisema yule bibi wa miaka sabini, anayeendesha kama amepakia mayai. "Mwanangu, mimi baiskeli zinanipita."

Nilicheka mpaka nikamnyoa mteja ndevu ambazo hakuniomba nizinyoe. Mwenzangu hakuwa na la kucheka. Mama alikuwa ametamka mbele ya binti yake kwamba gari likigonga tena, analivusha barabara. Hebu fikiria: gari la mama mkwe wako limepigwa jeki mlangoni pa mtu aliyemposa mkeo, na mtaa mzima unapita ukitazama! Injinia akaanza kukonda. Hata mimi nilimwonea huruma, ingawa si sana.

Mara ya nne mama hakuondoka. Alivuta kigoda akakaa pale pale gerejini. Gari liko juu, tairi zimetolewa, Injinia anakaza nati ya mwisho ya bushi mpaka mishipa ya shingo imemtoka.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama. Hii sasa mpaka kiama."

"Ilegeze."

"Unasemaje, mama?"

"Zilegeze zote. Rudisha tairi, shusha gari lisimame kwa uzito wake, ndipo ukaze. Likiwa juu, hiyo mikono inaning'inia. Ukikaza hapo, mpira unabanwa hivyo hivyo. Gari likishuka, mkono unapanda na mpira unasokoteka, hata ukiwa umeegesha. Utaacha kuchanika?"

Injinia akanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyemficha jambo hilo. Akalegeza. Akashusha. Kisha akajipenyeza chini ya gari kwa shida, kitambi kinakwaruza, shati limempanda mpaka kifuani, mbele ya mama mkwe wake. Mama kwa heshima akatazama pembeni.

"Hilo nalijua siku nyingi," ikasema sauti kutoka chini. "Nilikuwa najaribu njia nyingine tu. Kwani nani kakwambia, mama?"

"Bwana wa ng'ambo. Nilimpelekea gari juzi, akakataa kuligusa. Alisema hiyo ni kazi ya mkwe wangu, asingependa kumwaibisha. Akanielekeza, akanisihi nisikwambie."

Chini ya gari, spana ikakaza nati ya mwisho.

"Nami nilimwahidi," mama akaendelea, safari hii kwa sauti ya kufika ng'ambo. "Lakini wewe miaka tisa unamtukana hadharani. Toka huko chini, uvuke barabara, ukamshukuru. Nakusubiri hapa hapa."

Nilizima mashine ya kunyolea nisikie vizuri. Nati zote zilikuwa zimeshakazwa, lakini Injinia alibaki chini ya lile gari muda mrefu sana.