Marahaba Niliyoitikia Mikumi

Jamani, nicheke au nijifiche? Kwenye gemu ya vita ninayocheza kwa kompyuta hapa Kilosa, mimi ndiye kapteni wa kikosi. Wenzangu siwajui sura, tunasikiana kwa hedifoni tu. Kwa kujiona kwangu, niliweka sheria: hakuna kuingia vitani bila kuniamkia.

Mmoja, anayejiita Nyati, alikuwa mzito kama gunia la mpunga. Hata mtandao ukikwama, lawama namtupia yeye. "Nyati, unakimbia au unachuma mboga?" Naye mpole: "Shikamoo, Kapteni. Nisamehe." Lakini siku aliponiokoa tukashinda, nilirukaruka mpaka nikavunja kiti!

Jumamosi nikaenda Mikumi kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu, Neema. Shati nimelinyoosha, macho nimeyainamisha. Baba yake akaingia sebuleni, mwalimu mstaafu mwenye mvi. Nikamwamkia kwa adabu zote.

Hakuitikia. Alinikazia macho, akatabasamu, kisha akasema kwa sauti niliyoijua vizuri sana: "Shikamoo, Kapteni."

Mashangazi wa Neema waliojaa sebuleni wakanigeukia. Na mdomo wangu huu, kwa mazoea, mbele ya mashangazi wote, ukaitikia: "Marahaba, Nyati."