Shafti Niliyoiziba kwa Lehemu Sasa Inabeba Watu

Wenye ukurasa huu, jina langu lifungieni kabatini. Huku Garsen mkereza vyuma ni mmoja tu, kwa hiyo nikitaja kazi yangu nimeshajitaja, lakini kisa hiki hakisimuliki bila mashine. Nina umri wa miaka thelathini na mmoja. Nina mke, na mimba yake ya kwanza imeingia mwezi wa nane. Yuko kwa mama yake, Golbanti. Kazi nilijifunza Mombasa, kisha nikaletwa karakana hii ya mtoni, yenye mashine kuukuu ya kukereza iliyokuja bila nusu ya vifaa vyake.

Sijisifu. Au basi, nijisifu kidogo. Visu vya mashine nilivitengeneza mwenyewe kwa springi za lori lililokufa. Tena chuma kirefu kikizunguka mashineni hucheza katikati, kinataka kushikwa, na kishikizo hatukuwa nacho. Nikakata ringi ya gurudumu, nikatia ndani vipande vitatu vya mti mgumu wa mbambakofi vya kukibana chuma, nikavilainisha kwa mafuta ya ng'ombe. Kilifanya kazi vizuri hata Bwana msimamizi akaita Wazungu wenzake waje kutazama. Alikuwa ameshaandika barua ya kuagiza kishikizo cha kiwandani. Mimi, kwa mdomo wangu huu, nikamwambia, "Hakuna haja, Bwana, hiki kinatosha."

Akaichana barua. "Sawa. Lakini siku ile mti yako naharibu kazi, mimi natupa motoni, na wewe narudi kusugua chuma kwa tupa kama mwanafunzi."

Mafuta nilikuwa nikiletewa na mama mmoja wa Kiorma anayeuza maziwa. Mvua zilipokaribia alinionya: "Fundi, weka mafuta mingi. Mvua ikinyesha sisi hapana kaa mtoni. Ng'ombe iko kwenda mbali." Nikamjibu kwamba ninayo ya kutosha. Sikuwa nayo. Nilidhani mafuta ni mafuta.

Mvua ikanyesha, Waorma wakahama na mifugo yao, barabara ikazama, na wakati huohuo shafti ya boti ikawa imelika kwa mchanga. Boti hiyo ndiyo inayobeba wagonjwa wa vijijini kwenda hospitali mafuriko yakija. Bila shafti ya kuzungusha rafadha inayosukuma maji haiendi popote, na chuma cha kutengenezea nyingine kilikuwa kimoja tu karakana nzima. Nikakifunga mashineni, nikapaka mbao zangu mafuta ya nazi, kwani ya ng'ombe yalikuwa yamekwisha. Mwanzo kazi ilikwenda vizuri. Kisha nikasikia harufu ya mti kuungua. Kipande kimoja kililika, chuma kikaruka, kisu kikauma katikati kabisa. Nilipozima mashine nikatia ukucha wa kidole gumba kwenye ule mkato, ukazama wote.

Bwana alikuwa ofisini, hatua ishirini tu kutoka pale. Sikumwita. Nilichukua lehemu, nikaziba, nikasugua kwa msasa mpaka pakang'aa. Lehemu ni laini, inaficha tu, haishiki, na hilo nalijua kuliko mtu yeyote hapa. Shafti ikafungwa botini, nami nikajiambia nitaibadilisha barabara ikifunguka na chuma kingine kije. Hii ni wiki ya tano na barabara bado ni maji.

Dereva wa boti ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Juzi alinijia karakanani.

"Shemeji, boti inatetemeka nikiongeza mwendo. Yaweza kuwa nini?"

"Majani tu yamejisokota kwenye rafadha," nikamjibu. "Yatatoka yenyewe."

"Ukisema wewe, nimeridhika. Mama naye amekataa katakata mkeo kuletwa hospitali kwa mtumbwi. Anasema apande boti, kwani shafti ni ya mkono wa mkwe wake."

Alipoondoka nilikwenda nyuma ya karakana nikalia, mtu mzima mimi.

Jana nilijikaza, nikamwomba Bwana boti ivutwe nchi kavu tuikague. Akanitazama. "Shafti wewe natengeneza mwenyewe. Sasa naogopa nini?" Nikasema siogopi kitu, nikarudi kwenye mashine yangu. Nilimwogopa yeye, naandika wazi. Nikikiri, kishikizo changu kinakwenda motoni, nami narudi kwenye tupa mbele ya watu wote walioniita fundi, na shemeji atajua nimemdanganya usoni huku amebeba wagonjwa. Nikinyamaza, siku moja chuma kitakatika palepale, katikati ya mto uliofurika. Kumkataza mke wangu asipande siwezi bila kusema sababu. Kila boti ikiondoka nasimama nikisikiliza injini mpaka ipotee kwenye kona ya mto.

Wasomaji, nitukaneni mkitaka, lakini mnishauri pia. Nifanye nini? Na mfanye haraka, maana mwezi wa tisa unakuja.

Barua hii haina njia nyingine ya kutoka hapa. Kesho asubuhi nitampa shemeji aende nayo kwa boti, naye ataitia mfukoni bila kuuliza imeandikwa nini. Mkiisoma, mjue safari hiyo alifika.