Nailoni na Sikio la Ndama

Katika maisha yake yote Kuruthumu binti Njura hakuwahi kupaka rangi kitu kikubwa kuliko kiganja chake, wala hakuona sababu. Wanaopaka kuta, alisema, wanahitaji mikono. Yeye alihitaji mdomo. Na kweli mdomo ulikuwa nusu ya kazi yake, kwa maana kila alipotaka brashi ichongoke aliipitisha katikati ya midomo, akaizungusha mara moja, akaitoa ikiwa na ncha ya mwiba. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amemeza rangi kidogo kidogo, na majirani wa Mjini, mtaa wa Waislamu pale Meru, walishikilia kwamba ndiyo sababu maneno yake hayakuwa matamu.

Alizaliwa milimani Imenti, binti wa mkulima wa wimbi na viazi vikuu. Akaja Mjini, akasilimu, akaolewa na Abdulatif mpiga picha, na tangu hapo kazi ikagawanyika: Abdulatif alipiga picha, vumbi la Meru likazikalia, Kuruthumu akaliondoa. Kila picha ilitoka majini na madoa meupe, na kila doa lilitaka tone la rangi ya kijivu lisilozidi yai la chawa. Brashi za kazi hiyo hazikuuzwa dukani. Alizitengeneza mwenyewe kwa nywele za ndani ya sikio la ndama, ambazo shemeji yake Kasim, mwenye bucha, alimwekea. Nywele hizo ni ndefu na laini, na zaidi ya yote, ncha yake haijawahi kuguswa na chuma. Unakata shinani, ncha unaiacha ilivyoumbwa. Nywele iliyokatwa ncha ni butu milele, hata uibembeleze vipi. Tena mwenye sikio alikuwa amechinjwa kwa bismillahi, basi mdomo haukuwa na wasiwasi.

Abdulatif akafa mwaka mmoja kabla ya Hali ya Hatari kutangazwa, na kwa kufa hivyo akakosa biashara kubwa kuliko zote. Serikali ilitaka kila Mkikuyu, Muembu na Mmeru awe na kitabu chenye picha yake. Picha zikapigwa kwa mamia, na wapigaji wapya hawakujua hata kufuta kioo. Doa jeupe likikaa shavuni linaonekana kovu, na mtu mwenye kovu kitabuni asiye nalo usoni alikuwa na maelezo marefu ya kutoa kwenye kizuizi cha barabarani. Kuruthumu alizibia madoa hayo, picha moja baada ya nyingine. Mwaka ule aliponya makovu mengi kuliko hospitali.

Ndivyo sifa zake zilivyomfikia Bwana DO, afisa Mzungu wa tarafa. Huyu alikuwa kijana mrefu mwenye bidii, na alikuwa amejenga kijiji juu ya meza: vibanda kwa mistari, mtaro, mnara wa askari, yote ya mbao na plasta, ili mgeni mkubwa kutoka Nairobi aone jinsi vijiji vipya vilivyo nadhifu. Kilichobaki ni watu. Walikuwa mia moja arobaini na wanne, wamechongwa kwa mti, kila mmoja nusu ya njiti ya kiberiti, na wote walikuwa uchi. Kuruthumu awavishe, atie askari vifungo, na wanawake, alisema Bwana DO, wawe wanacheka.

Kuruthumu alikubali kwa sababu moja tu, nayo ilikuwa Embu. Rahema, mtoto wake wa pekee, alikuwa ameolewa huko na Yusuf fundi cherehani, na mimba yake ya kwanza ilikuwa imekaribia mwisho. Kwao mtoto hunyolewa siku ya saba, na anayenyoa ni bibi mzaa mama. Rahema mwenyewe alinyolewa hivyo, ikabidi wamlete mama mzazi wa Kuruthumu kutoka Imenti, Mkristo kamili, akashika wembe huku akinung'unika. Wembe wa kumnyolea mjukuu Kuruthumu alishaununua na kuufunga kwenye pindo la leso. Ilikosekana pasi tu, hati ya ruhusa ya kusafiri.

Njuki, karani wa ofisi, alikuwa mtu wa Mbeere, Mkristo mpole aliyeandika polepole.

"Mama, rejista inasema wewe ni Mmeru."

"Mimi ni Mwislamu wa Mjini."

"Hiyo ni dini. Hapa wanauliza kabila. Baba yako anaitwa nani?"

"Njura."

Njuki aliandika Njura, akapuliza wino ukauke. "Sasa umeona. Mmeru hawezi enda Embu bila pasi ya DO mwenyewe. Hata mimi nikienda Siakago kuzika mjomba niliomba wiki mbili. Nilifika wamemaliza hata uji."

Bwana DO hakuwa na ubaya. "Wewe maliza watu yangu kwanza," alisema. "Siku nakwisha, mimi naandika pasi siku ile ile." Kisha akamkabidhi brashi mbili mpya. Moja ilikuwa na nywele za kahawia, imetoka Uingereza ndani ya kijibomba cha kioo. Ya pili ilikuwa ya nailoni, nyeupe, kitu cha kisasa. Akasema atafurahi sana kusikia ipi ni bora.

Zilikuja wakati mbaya, au mzuri. Brashi ya mwisho ya Kuruthumu ilikuwa imenyonyoka hadi nywele nne, na ndama hawakuonekana tena Meru, kwa kuwa ng'ombe walikatazwa kupita barabarani. Kasim alikuwa akichinja mbuzi wazee tu, wenye nywele za masikioni kama za wazee wengine wowote.

Kuruthumu aliigeuza ile ya kahawia kwenye mwanga. Ilikuwa na ncha ya kutamanisha. "Hizi ni nywele za nini, bwana?"

"Nywele ya nyama."

"Mnyama gani?"

Bwana DO aliitazama brashi yake kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana. "Nyama ya Ulaya."

"Nguruwe pia ni mnyama wa Ulaya," alisema Kuruthumu, "na mimi brashi naitia mdomoni."

Mwingine angefoka. Huyu alifikiri, akasema ni swali la haki, akaketi na kuwaandikia wenye kiwanda London barua ya kuuliza ni mnyama gani. Barua ikapewa namba, nakala ikatiwa faili.

Basi Kuruthumu akashika nailoni, ambayo haikuwahi kuwa mnyama. Na tuseme haki, kwa maana Kuruthumu mwenyewe aliisema: nailoni ilikuwa na mema yake. Haikunyonyoka hata unywele mmoja. Ilioshwa mara moja ikatakata. Ukiikandamiza, inaruka na kusimama wima, tayari kwa amri. Lakini haikujua kunywa. Sikio la ndama hunywa rangi, huihifadhi tumboni, huitoa kwa kiasi unachoomba, vifungo kumi kwa chovyo moja. Nailoni iliibeba rangi kwa nje tu, na ikigusa kitu inaitua yote. Askari wa kwanza alipata kifungo kimoja kilichofunika tumbo zima. Ikabidi achovye, apanguse, apake kifungo kimoja, achovye tena. Baada ya siku tano ncha ikajikunja kama ukucha. Hasira zikampanda, akaitupa, ikatumbukia kwenye kikombe cha chai ya moto. Alipoitoa ilikuwa imenyooka tena. Tangu hapo kila asubuhi brashi na mwenyewe walikunywa chai ya rangi pamoja, na kazi ikaenda watu tisa kwa siku.

"Shemeji, unajitesa," alisema Kasim, aliyekuja kuona watu wadogo. "Chukua ile ya kahawia, usiilambe. Kwani lazima?"

Kuruthumu akaona si neno baya. Akajifunga leso mdomoni, akaikaza kisogoni, akaanza. Brashi ile ilikwenda kama maji. Alimaliza askari watatu kabla ya kugundua kwamba leso ilikuwa imelowa rangi ya kijani mahali midomo ilipo. Miaka ishirini na miwili haifungwi kwa leso. Alinyanyuka, akasukutua mara saba, moja kati yake kwa udongo kama walivyofundishwa kuhusu najisi ile, na udongo wa Meru, kwa asiyejua, ni mwekundu na unakwama kwenye meno. Kisha akarudi kwa nailoni.

Jumapili moja Ngari, dereva wa lori la mbao, akapiga hodi. "Mama Rahema, salamu kutoka Embu. Amejifungua jana. Msichana. Wote wazima."

Kuruthumu alimshukuru Mungu, akampa Ngari chai, halafu akahesabu watu waliobaki. Walikuwa sitini na mmoja. Siku ya saba ilikuwa Ijumaa. Kwa watu tisa kwa siku, asingefika. Kwa sikio la ndama angemaliza Jumatano na kupanda gari Alhamisi. Brashi ya kahawia ilikuwa pale mezani ndani ya kioo chake, ikimtazama. Hakuigusa. Alipaka tangu kuchele hadi jua linazama, akafikisha kumi na mmoja kwa siku, kisha kumi na wawili. Wanawake hakuwachekesha, aliwatia midomo, akaishia hapo.

Mtu wa mwisho alikauka Ijumaa baada ya swala. Saa hiyo, huko Embu, nywele zilikuwa zimeshaanguka kwenye sahani, na aliyeshika wembe alikuwa mama yake Yusuf.

Bwana DO alikuwa mtu wa ahadi. Alitia saini pasi siku ile ile, ya siku saba. Jumamosi alfajiri Kuruthumu alikuwa garini na leso yake, na saa tatu alikuwa amesimama kwenye kizuizi kabla ya Chuka, akiambiwa kwamba kuna operesheni, barabara imefungwa, kila Mmeru arudi alikotoka. Alionyesha pasi. Askari aliisoma, akasema ni pasi nzuri, akamrudishia. Kuruthumu akakaa juu ya jiwe kando ya njia akalia, tena si kwa siri. Alilia kwa sauti, mbele ya askari na abiria, mpaka dereva akazima injini na kumngoja. Barabara ilifungwa mwezi mzima. Pasi ilikufa mkononi mwake.

Katika mwezi huo mgeni kutoka Nairobi alifika, akaitazama meza kwa muda wa kuwasha sigara, akapita. Na barua ya London ikaja kwa ndege. Njuki alimsomea kwa Kiswahili, kidole kikifuata mstari. Wenye kiwanda walishukuru kwa swali. Nywele zile zilikuwa za mkia wa mnyama mdogo wa nchi ya theluji, jamaa ya kicheche. Nguruwe hakuhusika kabisa.

"Kumbe," alisema Kuruthumu. Alisimama kidogo pale dirishani, mkono kwenye pindo la leso. "Haya. Asante, baba."

Barabara ilipofunguliwa Ngari alikuja tena, na malalamiko. Alikuwa amemletea bahasha kutoka kwa Rahema, na kwenye kizuizi waliifungua wakakuta nywele. Nywele ndani ya bahasha, siku zile za viapo vya waasi wa msituni! Waliketi naye nusu siku. Aliwaeleza habari za mtoto, za siku ya saba, za bibi, mpaka sajini mmoja mzee akasema mtu hawezi kubuni upuuzi mrefu hivyo, wakamwachia.

Ndani mlikuwa pia na karatasi ndogo. "Mama, tumemnyoa, tumetoa sadaka yake. Tumemwita Hidaya. Nusu ya nywele tumezika hapa, nusu zika wewe, uwe na fungu lako."

Kuruthumu alizimwaga juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha. Zilikuwa nyeusi, nyembamba, na fupi. Akachukua kioo cha kukuza alichoachiwa na Abdulatif, akaangalia kama anavyoangalia nywele zozote zinazoingia nyumbani mwake. Zilikatwa shinani. Ncha zilikuwa kama zilivyoumbwa. Wembe wa Embu ulikuwa ndio chuma chao cha kwanza.

Mwalimu wa msikitini aliishi nyumba ya tatu. Kuruthumu hakwenda kumuuliza. Yako maswali ambayo mtu akiyauliza atajibiwa. Alitenga nywele arobaini, akazifunga kwa uzi wa hariri, akazichomeka kwenye bua la unyoya wa kuku. Zilizobaki akazizika chini ya kizingiti na kusoma alichotakiwa kusoma. Kisha akavuta picha za vitabu zilizokuwa zimejaa madoa. Brashi ile ilikunywa vizuri, ikatoa kwa kiasi, na ncha yake ilishinda ya kicheche na ya ndama pia.

Baada ya wiki mbili Kasim aliingia na furaha zake na masikio mawili ya ndama mkononi. Ng'ombe walikuwa wameruhusiwa tena. Akasimama nyuma yake akitazama kazi.

"Shemeji, hiyo mpya umeipata wapi? Hizo ni nywele za nini?"

"Za nyumbani," alisema Kuruthumu, akaitia mdomoni, akaizungusha mara moja, polepole.

Pasi ya pili alipewa miezi minne baadaye. Hapo katikati haikupita siku ya kazi ambayo hakumbusu mjukuu wake mara arobaini au hamsini, kabla ya adhuhuri.